Mchungaji amenizuia kuombea watu, nami nina wito. Niondoke nianzishe huduma yangu?

Mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 36, nimeoa na tuna watoto watatu. Riziki yangu naipata kwenye duka la pembejeo, na kwa miaka minne nimekuwa mwinjilisti wa kujitolea katika mtaa mmoja wa usharika wetu, huku Nyanda za Juu Kusini. Kanisa sitalitaja. Ni mojawapo ya yale ya zamani yenye askofu, wachungaji na mabaraza ya wazee.

Mwaka jana nilianzisha maombi ya Jumatano jioni. Tulianza wachache, sasa tunafika sitini, wengine wanatoka madhehebu mengine. Watu wanapona. Kuna mama alikuwa na presha kwa miaka mingi. Baada ya kuombewa alisimama mbele akashuhudia kwamba ameacha vidonge na hana tatizo lolote. Sauti ya ushuhuda ule ilizunguka sana kwenye WhatsApp. Wiki iliyofuata mchungaji aliniita akaniambia nisimamishe maombi mpaka baraza la wazee likae. Barua hakunipa. Naamini ni wivu, maana ibada yake ya katikati ya wiki haijazi hata mabenchi matatu.

Halafu mtumishi mmoja wa kike aliyealikwa kutoka mjini alinitabiria mbele ya watu wote kwamba Mungu amenipaka mafuta niwe nabii, kwamba mimi ni Daudi na anayenizuia ni Sauli. Tangu siku hiyo kikundi kinanisukuma tuondoke. Wameshapata banda la mabati la kukodi. Sadaka za shukrani zinaingia kwenye namba yangu ya simu kwa sababu kikundi hakina akaunti. Nimenunulia spika na zilizobaki zipo.

Mke wangu anasema nisubiri. Wengine wanasema kusubiri ni kumwogopa mwanadamu kuliko Mungu. Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu, na kila mtu alijua ninasemwa mimi. Je, unyenyekevu ni kunyamaza hata kama Mungu ameniita? Nitajuaje kama wito wangu ni wa kweli? Na hawa watu sitini niwaambie nini?

Mwinjilisti, Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba, ndugu yangu. Amina, Bwana asifiwe.

Umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote. Lakini kuna jambo umelipitia kwa sentensi moja ambalo haliwezi kusubiri hata kesho: yule mama aliyeacha vidonge.

Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Mtu aliyekuwa kwenye dawa akiziacha anaweza kujisikia mzima siku nyingi huku kipimo kinapanda kimyakimya, na ishara ya kwanza ikawa kiharusi. Baadhi ya dawa, kama atenolol na propranolol, zikikatishwa ghafla zinaushtua moyo, ndiyo maana daktari akitaka kuziondoa hupunguza dozi kidogokidogo. Kwa hiyo maneno ya "sina tatizo lolote" hayathibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kile kitambaa kinachofungwa mkononi pale zahanati. Kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, presha ipo.

Nenda kwake leo pamoja na mkeo. Mwambie waziwazi kwamba kuombewa hakumtaki mtu aache dawa, kisha mwende naye zahanati akapimwe. Asirudie vidonge vya zamani kwa kukisia dozi. Mhudumu ndiye aamue. Kama ni wewe uliyemwambia aache, sema hivyo mbele yake na umwombe radhi. Halafu rekebisha pale palipoharibika: ushuhuda ulisambaa kwa sauti WhatsApp, basi na masahihisho yatoke kwa sauti yako kwenye makundi yaleyale, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina. Kati ya watu sitini wapo wenye kisukari, kifafa, kifua kikuu, na wanaotumia ARV bila wewe kujua. Yaliyotokea Loliondo mwaka 2011, wakati maelfu walipopanga foleni kunywa kikombe cha shilingi 500, tunayakumbuka wote. Wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa.

Yesu mwenyewe alipomtakasa mwenye ukoma (Mathayo 8:4) alimkataza kwenda kumwambia mtu, akamtuma akajionyeshe kwa kuhani. Katika torati, kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kukagua ngozi na kutamka kwamba mtu amepona. Walawi 13 na 14 zinaeleza hadi siku saba za kungoja na kukagua upya. Uponyaji wa kweli haukukimbia ukaguzi. Ukiruhusiwa kuombea tena, hii iwe kanuni yako isiyovunjwa: hakuna ushuhuda wa kupona unaosemwa hadharani kabla ya kituo cha afya kuthibitisha na mwenyewe kuridhia, na hakuna anayeacha dawa kwa neno la mwinjilisti.

Sasa angalia tarehe zako mwenyewe. Ushuhuda ulisambaa, na wiki iliyofuata ukaitwa ofisini. Inawezekana wivu upo, moyo wa mchungaji wako siujui. Lakini mchungaji yeyote anayewajibika, akisikia mshirika ameacha dawa kwa sababu ya maombi yanayofanyika chini ya jina la usharika wake, angesimamisha maombi hayo. Alichokosea ni namna. Alipaswa kukupa sababu kwa maandishi na tarehe ya kikao, na hakupaswa kukusema mimbarani jambo ambalo hajamaliza nawe ana kwa ana. Mathayo 18:15 inamhusu na yeye.

Tuje kwenye wito. Wito una pande mbili, na watu wengi walioharibikiwa walishika upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni ule msukumo wa ndani usiokuacha. Upande wa pili ni kanisa kuutambua, kuupima na kuuthibitisha. Waebrania 5:4 inasema hapana mtu ajitwaliaye mwenyewe heshima hii. Paulo aliitwa na Bwana mwenyewe njiani kuelekea Dameski, wito ambao sisi wengine hatutaupata. Hata hivyo alipita Arabuni, miaka mitatu ikapita kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro (Wagalatia 1), akafundisha mwaka mzima Antiokia pamoja na Barnaba, na ndipo kanisa la pale lilipofunga, likaomba na kumwekea mikono (Matendo 13). Roho aliyemwita ndiye aliyeliambia kanisa limtenge.

Samweli ndiye anayekufaa zaidi kuliko wote. Alipoitwa usiku mara tatu alimkimbilia kuhani Eli, na Eli ndiye aliyetambua kwamba ni Bwana anayemwita kijana. Eli huyo alikuwa kiongozi aliyechoka, macho yamepofuka, wanawe wanaiba sadaka, naye ameshindwa kuwazuia. Mungu alimtumia vilevile kuuthibitisha wito wa mwingine. Na neno la kwanza alilopewa Samweli lilikuwa hukumu juu ya Eli mwenyewe! Hakutoka nalo usiku ule kwenda kuwaambia watu. Alilala hata asubuhi, akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kazi yake ya kila siku ilivyokuwa, na Eli alipomuuliza alimwambia yote bila kuficha. Isome sura ya tatu ya 1 Samweli yote polepole, ukijiuliza ingekuwa wewe ungemwambia nani kwanza.

Makanisa yameweka taratibu kwa sababu hiyo. Walutheri waliandika mwaka 1530, katika Ungamo la Augsburg kifungu cha 14, kwamba mtu asifundishe hadharani kanisani wala kutoa sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Kanisa Katoliki halimpi mtu upadre kabla ya miaka 25, na linataka angalau miezi sita kati ya ushemasi na upadre hata kwa aliyemaliza seminari. Katika makanisa ya aina ya kwako, njia huanza na mapendekezo ya mchungaji na baraza la wazee, hupita ngazi ya jimbo, huja usaili wa dayosisi, chuo, kipindi cha kutumika chini ya mchungaji mwingine, na mwisho kuwekewa mikono. Ni njia ndefu. Urefu wake ndio unaoonyesha mtu anakuwaje anapocheleweshwa, anaposahihishwa, na anapopangiwa mtaa ambao hakuuomba.

Wala usidhani kazi inasubiri cheo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyepeleka Injili Mboga upande wa Kongo katika miaka ya 1890, alipigwa na kufungwa akiwa mwalimu wa dini tu. Ushemasi alipewa mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903.

Ule unabii nao upimwe. 1 Wakorintho 14:29 inataka manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kwako alinena mmoja, mgeni, hakuna aliyepambanua, na utekelezaji umeanza kwa kutafuta banda. Neno linalompa mtu kile anachokitamani tayari, mbele ya wanaomshangilia, na kumtaja adui wake kwa mfano ambao kila mtu anaufungua, linahitaji kupimwa mara mbili. Lipeleke kwa watu watatu waliokomaa ambao hawamo kwenye kikundi chako, waambie lilivyosemwa bila kuongeza, uwaachie muda wa kuomba.

Na kama wewe ni Daudi, basi soma habari yote ya Daudi. Baada ya Samweli kumpaka mafuta aliendelea kuchunga. 1 Samweli sura ya 17 inamkuta akienda na kurudi Bethlehemu kulisha kondoo wa baba yake. Alianza kutawala akiwa na miaka 30, na miaka saba na nusu ya kwanza alikuwa Hebroni juu ya Yuda peke yake, mpaka makabila mengine yalipomjia yenyewe. Waliomkusanyikia Adulamu, kama 400, walikuwa watu wa dhiki na madeni, na hata hao hakuwatumia kumwondoa Sauli. Kule pangoni Engedi, moyo ulimchoma kwa sababu ya kukata upindo wa vazi la Sauli tu.

Lakini habari hiyohiyo imetumika vibaya na wakubwa wa makanisa, kwa hiyo na wewe usikubali kufungwa nayo. Mara ngapi watu wameambiwa "usimguse masihi wa Bwana" pale walipouliza hesabu za jengo? Daudi hakumdhuru Sauli, ila alitoka pangoni akapaza sauti mbele ya askari 3,000 wa Sauli akamweleza kosa lake waziwazi, na kile kipande cha vazi akakionyesha kama ushahidi. Na mkuki uliporushwa alikwepa, akakimbia. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: unyenyekevu si kunyamaza, wala si kujifanya huna karama ambayo Mungu amekupa. Ni kukubali kuwa chini ya watu wenye uwezo wa kukuambia hapana, na kuwaambia ukweli ukiwa chini yao.

Kwa hiyo sema, kwa maandishi. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa baraza la wazee, kupitia kwa mchungaji. Taja kwamba umesimamisha maombi na tarehe uliyosimamisha. Eleza kosa la ule ushuhuda na ulichofanya kulirekebisha. Ambatanisha hesabu ya fedha. Kisha omba mambo mawili: upewe sababu za kuzuiwa kwa maandishi, na upangiwe siku ya kusikilizwa ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili. Katibu asaini moja na kuandika tarehe ya kupokea, hiyo ukae nayo. Barua za namna hii huharibika kwa sababu zilezile: zinakuwa kurasa tano za mistari ya Biblia, zinataja wivu, na zinafika WhatsApp kabla hazijafika ofisini. Wivu usiuandike kabisa, maana hauthibitishiki, na utampa kila mjumbe kisingizio cha kutosoma yaliyobaki. Siku 30 zikipita kimya, unaandika kwa mkuu wa jimbo au kiongozi wa ngazi hiyo, tena kupitia kwa mchungaji, ukiambatanisha ile nakala iliyosainiwa.

Fedha. Ndugu yangu, hili limewaangusha wenye karama kubwa kuliko yako na yangu, na mara nyingi walianza bila nia mbaya, kwa namba ya simu tu. Omba kampuni yako ya simu taarifa ya miamala tangu sadaka ya kwanza ilipoingia. Tenganisha sadaka na fedha za duka, mstari kwa mstari. Andika zilizoingia, zilizotoka na risiti yake, zilizobaki. Usipokumbuka muamala, andika "sikumbuki", usibuni. Muulize kila aliyetoa kwa kusudi maalumu kama anataka irudi kwake. Iliyobaki ikabidhi kwa mhazini mbele ya wazee wawili, upewe stakabadhi. Spika zilinunuliwa kwa sadaka, kwa hiyo si zako. Paulo, mtume, hakukubali kubeba peke yake mchango wa Yerusalemu. 2 Wakorintho 8 inaonyesha Tito akitumwa pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama. Kuanzia leo sadaka hata ya shilingi 1,000 isiingie kwenye namba yako.

Utajuaje kama wito ni wa kweli? Omba baraza likupangie miezi sita ambayo huongozi maombi wala huhubiri. Unakaa benchi kama wengine, unakwenda kuwaona wagonjwa ukiwa na mzee mwingine ambaye ndiye anayeomba, wewe unaitikia. Ukiona mtu amepona kwa maombi ya huyo mzee, sikiliza kinachopita moyoni mwako dakika ile ya kwanza. Wengi hugundua hapo kwamba walichokipenda kilikuwa kuitwa "mtumishi" zaidi ya kuwahudumia watu. Wengine hugundua kwamba mzigo umezidi kuwa mzito hata bila jukwaa, na hiyo ni dalili njema sana. Agostino, mwalimu wa kanisa la kale kule Afrika Kaskazini, alipokamatwa na waumini wa mji wa Hipo mwaka 391 akafanywa padre huku akilia, jambo aliloliomba kwa askofu wake lilikuwa muda wa kwenda kujifunza Maandiko kwanza. Kupendwa na umati hakukumtosha.

Ndani ya miezi hiyo tafuta ushuhuda wa walio nje, ambao 1 Timotheo 3:7 inautaka. Kwako walio nje ni wateja wa duka, wanaokudai, mwenye fremu unayopanga, na majirani wanaosikia unavyosema na watoto. Waulize watatu kati yao, na umwombe pia mzee mmoja asiyekukubali akwambie sababu zake. Usijibu papo hapo. Andika, uondoke. Na mkeo, umemtaja kwa sentensi moja fupi kana kwamba ni kikwazo, wakati yeye ndiye anayekujua milango ikiwa imefungwa. Anaposema subiri, muulize anaona nini, umwache amalize.

Ikiwa baada ya yote haya kanisa litasema hapana, unaweza kukata rufaa ngazi ya juu, unaweza kutumika bila cheo, na unaweza kuhama kwa barua kwenda kanisa jingine ambalo nalo litakupima upya. Kuondoka ni halali pale unapolazimishwa kufundisha kinyume cha Injili au kuficha uovu. Kama uovu huo ni jinai, mtoto kudhalilishwa kwa mfano, hapo usingoje baraza wala askofu. Ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyohiyo. Kwa unayoyaeleza, hujafika huko. Na hata ukiondoka siku moja, ondoka peke yako na familia yako, usiondoke na sitini. Kanisa jipya linahitaji usajili kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja ambao si ndugu zako, na katiba inayowapa wazee uwezo wa kukuondoa wewe mwanzilishi. Anayeona kifungu hicho cha mwisho hakimfai hajawa tayari kuongoza watu.

Hao sitini wakutane nawe ana kwa ana Jumatano hii, mzee mmoja wa kanisa akiwepo, kwa dakika kumi. Usitume sauti, itakatwa na kusambazwa. Waambie maombi yamesimama na wewe umekubali, hakuna banda linalokodiwa kwa jina lako, fedha zinakabidhiwa usharikani, na kila mwenye dawa aendelee nazo. Waliotoka madhehebu mengine warudi kwa wachungaji wao. Wapo watakaokasirika na kusema umeogopa. Usibishane nao, wala usiwaambie una neno la siri ambalo muda wake haujafika, maana hiyo ni njia ya kuwashika wakusubiri wewe. Kundi la WhatsApp likabidhi kwa mzee anayesimamia maombi ya usharika awe msimamizi wake, nawe ubaki humo kama mwanakundi wa kawaida. Kesho yake ndiyo siku ya kupeleka ile barua kwa katibu.